Diski Mbili, Nyumba Mbili: Hifadhi ya Kumbukumbu za Familia

Kila msimu wa harusi unapopita, kuanzia Tiwi hadi Vanga, simu za akina mama hujaa. Hujaa picha za hina na za kupamba, picha za watoto waliovaa kanzu mpya, na sauti ndefu za shangazi walioko Muscat na Dubai wakimwombea bi harusi. Kisha simu hukataa. Huarifu kwamba nafasi imekwisha, na mwenye simu, akiwa na haraka ya kupokea ujumbe wa shule au kununua tokeni za stima, huanza kufuta. Kinachofutwa kwanza mara nyingi ni faili nzito za zamani: video ya bibi akisimulia jinsi ukoo ulivyotawanyika baina ya Gazi na Msambweni, au sauti ya babu akiomba dua baada ya maulidi. Aliyefuta hupata nafasi ya wiki mbili. Sauti ya marehemu hairudi.

Ndiyo maana wasomaji wetu wa Ukunda, Diani na Msambweni wanatuuliza mara kwa mara kuhusu diski kubwa za kuhifadhia mambo ya nyumbani: zile zinazokaa ndani ya sanduku dogo, sanduku hilo likaunganishwa kwa waya na rauta ya waifai, na kila simu na kompyuta ya nyumba ile ikapeleka humo picha na nyaraka zake bila kupitia intaneti ya nje. Twapenda kulijibu suala hili kwa urefu, kwa sababu wengi huliona kuwa ni la mafundi na vijana, ilhali anayebaki na machungu diski inapoharibika ni mama mwenye nyumba.

Rai yetu twaitanguliza. Familia ya kawaida haihitaji diski kubwa kuliko zote dukani. Inahitaji diski mbili za wastani, na mojawapo isilale katika nyumba moja na mwenzake.

Tuanze na hesabu, maana muuzaji atamshawishi mteja kwa ukubwa. Picha moja ya simu huwa na megabaiti tatu hadi tano hivi. Saa moja ya sauti iliyonakiliwa kutoka kwenye kaseti kwa ubora kamili, bila kubanwa, ni megabaiti 635 hivi. Mwenye kaseti 40 za dakika 90, ambazo ni saa 60 za mawaidha, nyimbo na mazungumzo ya wazee, atahitaji gigabaiti 38 tu. Diski ya terabaiti moja ina gigabaiti 1,000, kwa hiyo sauti zote za ukoo mzima hukaa kwenye kipembe chake. Kinachokula nafasi ni harusi. Kamera ya mpiga video inayorekodi kwa ubora wa 4K, kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde, hutoa gigabaiti 45 kila saa. Kamera mbili zikifanya kazi kwa saa sita, hizo ni gigabaiti 540, na hapo hatujafika siku ya pili ya sherehe. Filamu iliyokwisha kuhaririwa huwa ndogo mno kuliko hapo. Familia ikihifadhi filamu iliyokamilika pamoja na vipande vichache ambavyo havikutumika, terabaiti nne zitaitosha kwa miaka mingi. Atakaye kuhifadhi kila dakika iliyopigwa, huyo ndiye wa kutafuta terabaiti nane na zaidi, na ajue kwamba analipia saa nyingi za viti vitupu na watu wakila biriani.

Si vibaya kukumbuka tulikotoka. Mashine ya kwanza ya diski kuuzwa, iliyotengenezwa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, ikahitaji chumba chake, na uwezo wake wote ulikuwa herufi milioni tano. Leo hiyo ni picha moja ya mtoto akilia siku ya kwanza ya madrasa.

Ndani ya diski ya siku hizi mambo hayakubadilika sana kwa asili yake. Kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake kichwa chembamba cha kusoma na kuandika kinachoelea kwa umbali mdogo kuliko unene wa moshi. Chombo cha namna hii kina maadui watatu katika pwani yetu. Wa kwanza ni joto la sanduku lililofungiwa kabatini pasipo hewa. Wa pili ni unyevu wenye chumvi, ule ule unaokula bawaba za milango na kuacha kutu kwenye mabati ya Diani. Diski nyingi za ukubwa wa juu, za terabaiti kumi na zaidi, hutiwa gesi ya heliamu na kuzibwa kabisa, lakini nyingi za ukubwa wa chini zina tundu dogo la kupumulia lenye kichujio, na bodi yake ya umeme hubaki wazi kwa chini. Basi sanduku lisiwekwe dirishani panapovuma upepo wa bahari, wala chini ya feni ya jikoni, wala sakafuni ambako mvua ya masika ikiingia ndiko inakoanzia. Rafu ya ukumbini, mahali pakavu penye hewa, karibu na rauta, yatosha.

Adui wa tatu ni stima. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikuwa gizani kwa saa nyingi, na tarehe 10 Desemba mwaka ule ule ikawa vivyo hivyo. Kukatika huko kukubwa hutangazwa na magazeti, lakini diski huumizwa zaidi na kule kudogo kwa kila wiki, pale umeme unapozimika, ukarudi kwa kishindo, ukazimika tena, na sanduku likiwa katikati ya kuandika. Betri ya akiba inayokaa baina ya soketi na sanduku, ile inayouzwa kwa ajili ya kompyuta za ofisini, si anasa kwetu. Ihesabiwe katika bei tangu mwanzo. Mwenye fedha za sanduku bila betri, afadhali asubiri mwezi mmoja. Ulaji wa umeme wenyewe si wa kutisha: sanduku la diski mbili linapofanya kazi hula wati 15 hadi 20 hivi, yaani yuniti 11 hadi 14 kwa mwezi likiwaka usiku na mchana, na mengi yaweza kupangiwa yalale nyumba inapolala.

Sasa twende dukani, ambako ndiko penye mitego. Watu wetu hununua Mombasa, au huagiza Nairobi, au humtuma jamaa anayerudi kutoka Ghuba. Jambo la kwanza la kuuliza ni namna diski inavyoandika. Zipo zinazoandika mistari ikiwa imelala kando kwa kando, na zipo zinazoandika mistari ikilaliana. Hii ya pili ni kama paa la makuti: kila safu imefunika ukingo wa iliyo chini yake, kwa hiyo nafasi huongezeka, lakini ukitaka kubadili kuti moja la chini huna budi kuinua ya juu yake yote na kuyapanga upya. Diski ya namna hiyo yafaa kwa kuweka kitu na kukiacha. Ndani ya sanduku la diski mbili zinazofuatana kila wakati huwa nzito, na diski mpya ikiingizwa mahali pa iliyokufa, kazi ya kuijaza yaweza kuchukua siku nyingi au ikashindikana. Mwezi Aprili 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red za terabaiti mbili hadi sita, zilizouzwa kwa ajili ya masanduku haya haya, zilikuwa za kulaliana na wanunuzi hawakuambiwa. Baada ya malalamiko ilizitenga kwa majina, na leo zile za Red Plus na Red Pro ndizo za mistari isiyolaliana. Kwa upande wa Seagate, zinazokusudiwa masanduku ni IronWolf, na kwa Toshiba ni N300. Msomaji ayaandike majina haya kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani, kwa sababu diski ya kawaida ya kompyuta hufanana nazo kwa umbo na ni rahisi kubadilishiwa.

Mtego wa pili ni mzito zaidi kwa dini yetu. Mapema mwaka 2025 ilifichuka Ujerumani kwamba diski kubwa za Seagate zilizokwisha kutumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, kihesabu saa chake kikiwa kimerudishwa sifuri, kama gari kuukuu lililorudishwa nyuma maili. Ilidhihirika kwamba diski hizo zina kumbukumbu nyingine ya ndani ambayo walaghai hawakuifuta, na ndiyo iliyowaumbua. Ikiwa jambo hili limewapata wanunuzi wa Ulaya waliopewa risiti, sisi tunaonunua bidhaa iliyopita mikono minne kabla ya kufika Likoni hatuna sababu ya kujiona salama. Fiqhi ya biashara haikuacha pengo hapa. Muuzaji anayejua aibu ya bidhaa yake analazimika kuibainisha, na mnunuzi aliyefichwa aibu ana khiyari ya kuirudisha. Kisa cha mfanyabiashara aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya ile kavu kinajulikana na kila mtoto wa madrasa. Diski iliyotumika si haramu kuuzwa. Iuzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka dukani, mnunuzi aombe diski iunganishwe na kompyuta na ifunguliwe programu ya bure kama CrystalDiskInfo, inayoonyesha saa ambazo diski imewaka. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski mpya yapasa kuonyesha sifuri au saa chache tu. Muuzaji mwaminifu hatakasirika kwa ombi hilo, na akikasirika, hilo nalo ni jibu. Aandikiwe pia risiti yenye namba ya diski ile ile, si neno «diski» tu. Dhamana ya diski za masanduku kwa kawaida ni miaka mitatu, na ya zile za daraja la juu ni miaka mitano, lakini anayeletewa kutoka Dubai aulize kama dhamana hiyo inakubaliwa Kenya. Na asisahau kwamba dhamana humrudishia diski tupu. Hakuna kampuni inayodhamini picha za harusi.

Vipo pia vidude vidogo vya bei ya chini vinavyojidai kubeba terabaiti 16 ndani ya kifuko cha plastiki. Hivyo ni uongo mtupu: ndani yake huwa kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kudanganya kompyuta, na kadi ikijaa, faili mpya hufuta za zamani kimyakimya. Kinyume chake, mtu aliyenunua terabaiti nne akaona kompyuta inaandika 3.63 hakudhulumiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu, kompyuta ikahesabu kwa 1,024, na tofauti ni ya vipimo, kama pishi ya huku na pishi ya kule.

Tumefika penye kiini cha makala haya. Masanduku mengi yana nafasi ya diski mbili, na hupangwa hivi kwamba kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa papo hapo kwenye ya pili. Wauzaji huiita salama, na wanunuzi hulala usingizi. Salama hiyo ni ya jambo moja tu: diski moja ikifa, nyingine huendelea. Mtoto akifuta albamu ya harusi, imefutwa kote kuwili kwa sekunde ile ile. Mwizi akibeba sanduku, amebeba zote mbili. Moto wa paa la makuti nao hauchagui. Wapiga picha wenye uzoefu hufuata kanuni iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu za kila kitu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa familia ya Kwale twaona yatosha kuisema hivi: nakala moja kwenye simu au kompyuta kwa muda, moja kwenye sanduku, na moja kwenye diski ya pili iliyo kwa dada au kwa wifi katika mji mwingine. Mwenye sanduku Ukunda, diski yake ya pili ikae Msambweni. Zikutane kila Idi na kila mwisho wa muhula wa shule, zinakiliwe, zirudi makwao. Ndugu wanne wakichangiana, gharama ya diski ya pili haizidi ya keki ya harusi.

Wapo watakaouliza: kwa nini haya yote, na picha zetu ziko Google? Hatuwakatazi. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu karibu na Afrika Kusini, intaneti ya Afrika Mashariki ilidhoofika kwa siku kadhaa, na aliyetaka cheti cha mtoto kilichohifadhiwa mbali alingoja. Nafasi ya mbali pia hulipiwa kila mwezi, na mlipaji huwa ni mtu mmoja, mwenye nywila moja, na umri wake umo mikononi mwa Mwenyezi Mungu.

Mfano wa Lamu unafundisha zaidi. Makhtuta ya Msikiti wa Riyadha, hazina ya vitabu vya mkono iliyokusanywa na wanavyuoni wa msikiti ule tangu enzi za Habib Swaleh, yalipigwa picha katika miaka ya 2010 kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ili wasomi popote walipo wayasome. Mwezi Oktoba 2023 maktaba hiyo kubwa ya London ilishambuliwa na wahalifu wa kompyuta, na mengi ya makusanyo yake ya kidijitali hayakupatikana kwa muda mrefu. Kanuni ya mpango ule ni kwamba asili za makhtuta haziondoki katika nchi yao na nakala hubaki kwa wenyewe. Wenye mali walikuwa na mali yao nyumbani wakati London imezima.

Hayo hayo yatuonye tusilifungulie sanduku letu mlango wa intaneti kwa pupa. Mwezi Juni 2021 wenye masanduku ya zamani ya My Book Live, nchi mbalimbali, waliamka wakakuta diski zao zimefutwa kwa amri iliyotoka nje. Mapema mwaka 2022 masanduku ya QNAP yaliyokuwa wazi kwa intaneti yalifungwa na wahalifu waliodai fidia. Fundi akipendekeza kwamba picha zionekane hata mtu akiwa safarini Nairobi, mama aulize: na nani mwingine ataziona?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwetu. Usiku wa kupamba, wanawake huvua mabuibui kwa sababu wamehakikishiwa kwamba waliopo ni wanawake, na mpiga video ni mwanamke. Picha zile ni amana ya kila aliyekuwamo, si mali ya bi harusi peke yake. Lakini video ikiingia kwenye sanduku la nyumbani ambalo nywila yake anaijua kila kijana wa nyumba, na marafiki zake wanaotumia waifai ile ile, pazia limeondolewa. Masanduku karibu yote huruhusu kila mtu awe na chumba chake chenye nywila yake, na mengi huruhusu chumba kisimbwe, yaani faili zigeuzwe fumbo lisilosomeka bila ufunguo hata diski ikiibwa. Chumba cha harusi za wanawake kiwe cha namna hiyo, na ufunguo ushikwe na wanawake wawili wa familia. Bi harusi aafikiane kwa maandishi na mpiga video ni lini nakala ya studio itafutwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuuliza. Na diski ikiharibika isipelekwe kwa fundi yeyote wa njiani. Kufuta kwa kawaida hakuondoi kitu, huondoa jina lake tu. Diski isiyotengenezeka, isiyosimbwa, ivunjwe sahani zake kabla ya kutupwa.

Nywila zenyewe ziandikwe. Twajua ushauri wa kila mahali ni kutoziandika, lakini ushauri huo haukufikiria mirathi. Mama akifariki na ufunguo wa chumba kilichosimbwa uko kichwani mwake, hakuna mahakama ya kadhi itakayokifungua. Zitiwe kwenye bahasha iliyofungwa, pamoja na wosia na hati za madeni, mahali panapojulikana na wawili. Kitabu kilichotuamuru katika aya yake ndefu kuliko zote kuyaandika madeni yetu hakitatulaumu kwa karatasi hiyo. Ndani ya sanduku ziwekwe pia picha safi za hati ya shamba, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa na matokeo ya mitihani. Nakala hiyo haishiki nafasi ya asili mbele ya ofisi ya ardhi, lakini mwenye namba ya hati iliyoungua huanza safari yake akiwa mbele ya asiyekuwa nayo.

Kuhusu mpangilio hatutasema mengi. Kila faili ibebe mwaka, mahali na jina la mtu, kwa mpangilio huo. Video ambayo hakuna anayejua ni ya nani haina faida kubwa kuliko iliyofutwa.

Anayeanza leo aanze na kaseti, hata kabla ya kununua sanduku, kwa kuwa ukanda wa kaseti huota ukungu pwani na hausubiri bei kushuka. Wazee wanaozungumza Chidigo cha zamani wakitajwa kwenye kanda hizo waitwe wangali hai, wasikilizishwe, na waeleze sauti ya pili ni ya nani. Kaseti yenye ukungu isichezwe kwanza. Ifunguliwe na fundi aisafishe, maana ukungu wake huchafua mashine na kuziambukiza nyingine. Ikishanakiliwa, nakala ipelekwe Msambweni, na huko ifunguliwe na kusikilizwa mpaka mwisho kabla ya kaseti yenyewe kurudishwa sandukuni.